Nyumbani ni chiriku, shuleni hatoi neno

SWALI

Dada, habari za kazi. Nasoma safu yako kila wiki ila sikuwahi kufikiri na mimi nitakuja kuandika.

Nina binti wa miaka saba, hapa nitamwita Rehema. Yuko darasa la kwanza katika shule ya serikali hapa Morogoro. Tangu shule zifunguliwe Januari mpaka sasa mwezi wa nane hajatamka neno hata moja mbele ya mwalimu. Si kwamba anaongea kidogo, haongei kabisa. Wenzake nao hawasemeshi, isipokuwa mtoto mmoja wa jirani ambaye humnong'oneza sikioni wakiwa njiani kurudi, na akitokea mtu mzima anakatisha hapohapo.

Nyumbani ni chiriku. Anapanga vifuniko vya soda sakafuni, anaviita wanafunzi wake, anavifokea kwa sauti ileile ya mwalimu: "Wewe wa nyuma, nimesema kaa vizuri!" Silabi zote anasoma. Kuhesabu anahesabu.

Mwezi wa tatu mwalimu aliniita akaniambia mtoto wangu ni bubu, nitafute shule yenye kitengo cha viziwi. Nikamsikilizisha sauti ya Rehema niliyoirekodi kwenye simu. Alishangaa, halafu akakasirika, akasema kama anaweza kuongea basi ni jeuri. Tangu siku hiyo anamsimamisha mbele ya darasa mpaka ajibu. Hajibu. Anasimama amekauka, mikono imeng'ang'ania sketi. Ameshachapwa. Wiki iliyopita alirudi sare imelowa kwa sababu alishindwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kwenye ukoo nako ni vita. Hasalimii. Hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyewahi kusikia shikamoo yake, hata babu yake mzaa baba. Baba mkwe ameniambia mbele ya watu kwamba nimelea mtoto asiye na adabu. Mama mkwe anasema ana udata, akatwe. Jirani ananielekeza kwa mganga. Mume wangu anasema nimwache, eti yeye mwenyewe alikuwa hivyohivyo utotoni na alizoea. Sasa anataka Januari tumhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza, labda mazingira mapya yatamchangamsha.

Naomba unisaidie. Huu ni ugonjwa? Mwalimu anasema miaka yake yote kazini hajaona mtoto wa hivi. Ni wangu tu duniani? Nimhamishe au nimwache?

Mama Rehema, Morogoro

JIBU

Mama Rehema, pole kwa yote hayo. Naanza na kauli ya mwalimu kwamba hajawahi kuona mtoto wa hivi, maana naona ndiyo iliyokuumiza kuliko hata viboko. Mimi siamini kwamba hajaona. Ameona, akawaita wapole. Mtoto asiyeongea hapigi kelele, hagombani, hazururi darasani. Kwenye chumba chenye watoto themanini au mia, mtoto huyo ni nafuu kwa mwalimu. Nilifundisha madarasa ya chini kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya ushauri, na najua mahudhurio yanavyoitwa: mmoja akinyoosha mkono badala ya kuitika, unatia tiki unaendelea na jina linalofuata. Akiwa anaandika vizuri atapanda darasa na hakuna atakayekumbuka kwamba mwaka mzima sauti yake haikusikika.

Hali ya binti yako inajulikana na ina jina. Wataalamu wa afya ya akili ya watoto huiita ububu wa kuchagua. Mtoto anaongea vizuri mahali alipozoea, mara nyingi nyumbani, na anashindwa kabisa mahali pengine anapotarajiwa aongee, hasa shuleni. Daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliieleza mwaka 1877, na kwa miaka mingi hata madaktari waliamini watoto hawa wanakataa kwa makusudi, kama anavyoamini mwalimu wako leo. Msimamo huo umeachwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, toleo la 2013, uliiingiza kwenye kundi la magonjwa ya hofu, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, nayo inaiweka hukohuko. Wengi wa watoto hawa wana hofu kubwa ya kutazamwa na kusikilizwa na watu. Kule kukauka unakokueleza, mikono kwenye sketi, ndiyo hofu yenyewe ikionekana kwa macho. Wakati ule hata akitaka kujibu sauti haitoki.

Sasa wako wangapi? Huko Los Angeles walimu wa chekechea hadi darasa la pili waliulizwa kuhusu watoto wao, na utafiti huo uliotoka 2002 ulikuta watoto kama 7 katika kila 1,000. Mwaka uliofuata ukatoka wa Jerusalem, wa watoto wa chekechea, idadi ikawa karibu ileile, ila kwa watoto wa familia za wahamiaji ikapanda hadi 22 katika 1,000. Finland walipata karibu 20 katika 1,000 kwa watoto wa darasa la pili. Göteborg, Uswidi, hawakufika 2. Huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wazazi kuwa ni kama mtoto 1 kati ya 140, na wasichana ni wengi kidogo kuliko wavulana.

Usishangae tofauti hizo. Ukiwauliza walimu wa watoto wadogo utapata wengi, ukipima watoto wakubwa utapata wachache kwa sababu baadhi wameshafunguka, na ukihesabu tu waliofika hospitali utapata wachache zaidi, kwa maana nani anampeleka hospitali mtoto ambaye nyumbani anaongea? Hizo zote ni takwimu za wenzetu. Lakini chukua hiyo 1 kati ya 140, ipeleke kwenye shule ya kwetu yenye mikondo mitatu ya darasa la kwanza, watoto tisini kila mkondo. Unapata wawili. Mwalimu aliyekaa kazini miaka ishirini amekutana nao, hilo sina wasiwasi nalo.

Mumeo naye ana hoja, usimpuuze. Watoto wengi hunyamaza wakianza shule. Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1970, watafiti walikuta kama watoto 7 katika kila 1,000 wa miaka mitano walikuwa hawajaongea shuleni baada ya wiki nane, na karibu wote walifunguka ndani ya mwaka uliofuata. Ndiyo maana mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi, na daktari hatalitaja jina hilo mpaka ukimya upite mwezi mmoja zaidi. Hata hilo la yeye mwenyewe kuwa hivyo utotoni ni kweli linaendana, kwa sababu haya ya kupita kiasi na hofu ya watu hutembea kwenye familia. Ila tuko mwezi wa nane, na Rehema hajapiga hatua hata moja. Tena anaadhibiwa. "Atazoea" lilikuwa jibu zuri mwezi wa pili. Norway waliwafuatilia watoto 30 waliosaidiwa wakiwa wadogo. Baada ya miaka mitano, 21 walikuwa wamepona kabisa, na waliochelewa kuanza kusaidiwa walipata nafuu ndogo kuliko waliowahi. Umri wake wa sasa ni mzuri, usiuache upite.

Udata tuumalize kwa haraka. Ulimi unaoweza kuvifokea vifuniko vya soda hauna tatizo. Udata hauwezi kumbana mtoto shuleni ukamwachia nyumbani. Mwambie mama mkwe kwa heshima zake zote kwamba hakatwi, na huko kwa mganga usiende, maana atakachokutana nacho ni mtu mgeni anayemkodolea macho akimtaka aseme.

Viboko na kusimamishwa mbele vikome wiki hii. Nenda kwa mwalimu mkuu, usiende na ugomvi, nenda na ile sauti ya kwenye simu na gazeti hili. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka kosa kubwa la kinidhamu na idhini ya mkuu wa shule kwa maandishi. Kushindwa kuitika si kosa la nidhamu. Ombeni pamoja mambo mawili ya haraka. La kwanza ni choo: Rehema apewe kitu cha kuonyesha, hata kifuniko chekundu cha chupa, akikiweka juu ya dawati anatoka bila kuuliza. Mtoto anayebana mkojo tangu asubuhi hawezi kujifunza chochote, achilia mbali kuongea. La pili ni kusoma kwa sauti: mrekodi akisoma nyumbani, mwalimu asikilize na ampe alama zake. Kama shule ina mwalimu wa malezi na unasihi, mhusishe.

Halafu kazi yenyewe. Siri yake ni kwamba hatumwombi mtoto atoe sauti kwa mtu mgeni. Tunaichukua sauti aliyonayo kwako, tunaiingiza shuleni, halafu watu wengine ndio wanaisogelea polepole. Omba darasa likiwa tupu, mchana wenzake wakishatoka, dakika kumi na tano, mara tatu kwa wiki. Mkae wawili tu, mlango umefungwa, mcheze kitu cha kuhesabu. Mdako unafaa sana. Wewe unasema moja, yeye mbili, wewe tatu, yeye nne. Namba ni rahisi kwake kuliko maneno kwa sababu hakuna anachotakiwa kufikiri wala kueleza. Siku za kwanza mwalimu hayupo kabisa. Rehema akishahesabu kwa sauti yake ya kawaida ndani ya chumba hicho, mwalimu anaanza kupita nje ya mlango ulio wazi. Siku nyingine anaingia na madaftari yake, anakaa kona ya nyuma anasahihisha, hamtazami. Halafu kiti cha katikati. Halafu anakaa nanyi na kusubiri zamu: wewe moja, Rehema mbili, mwalimu tatu. Mkishafika hapo wewe ndiye unayeanza kusogea, kwanza hadi dirishani, baadaye nje. Mtoto wa jirani anayenong'onezwa njiani aingizwe kwa utaratibu huohuo, na baada yake mwingine.

Akinyamaza hatua fulani msigombane naye wala msimbembeleze, rudini hatua moja nyuma siku hiyo. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Na siku atakapohesabu mbele ya mwalimu mara ya kwanza, tafadhali, pasiwe na makofi wala "jamani Rehema ameongea!" Macho yote yakimgeukia, kesho hamtamsikia. Mwalimu aseme tu "nne, sawa, zamu yako mama", mchezo uendelee. Sifa mpe wewe baadaye, mkiwa njiani wawili.

Mwalimu akiwa naye darasani aseme zaidi kuliko kuuliza. Badala ya "umechora nini?" aseme "naona umechora kuku na vifaranga", apite. Baadaye, mtoto akishaanza kutoa sauti kidogo, maswali yawe ya kuchagua kati ya viwili: "unataka chaki ya bluu au nyekundu?" Swali la ndiyo au hapana litajibiwa kwa kichwa milele. Akishauliza asubiri, ahesabu moyoni mpaka tano bila kumkazia macho. Nanyi nyumbani jifunzeni kusubiri hivyohivyo, maana najua mmeshazoea kumjibia kila anapoulizwa na mtu. Na darasani wapo wale wasemaji: "Mwalimu, huyo haongei!" Mtoto akisikia hivyo kila siku inakuwa ndiyo sifa yake. Mwalimu awajibu, "Anaongea sana kwao, na hapa ataongea akiwa tayari," basi.

Nije kwenye shikamoo, ambayo naona imewagawa ukoo mzima. Kwa watoto hawa salamu ndiyo neno gumu kuliko yote. Ni neno linalosubiriwa, linasemwa mbele ya watu, mkubwa amesimama anakutazama, na mtoto akichelewa sekunde mbili tu mama anamsukuma begani, "Msalimie babu!", shangazi anadakia, "Ulimi umeliwa na paka?", wote wanacheka. Mngetaka kutengeneza mtego wa kumkausha mtoto mwenye hofu msingeweza kubuni bora zaidi. Kwa hiyo kwa sasa shikamoo ya mdomo iondoe kwenye madai. Nenda kwa baba mkwe peke yako, Rehema asiwepo, umweleze: "Baba, mtoto anakuheshimu, ana tatizo la hofu linalomfunga sauti, tunalishughulikia. Atakuja kukupa mkono na kuinamisha kichwa, naomba umpokee hivyo." Mume wako awe ndiye msemaji ikiwezekana, ni baba yake, na hasa kwa kuwa anakumbuka utoto wake. Nikuambie ukweli, wazee wengi wakielezwa kabla, faragha, wanaelewa. Wanachokasirikia ni kuaibishwa mbele ya watu bila maelezo.

Mkifika kwa babu, wewe toa shikamoo yako, kaa, endelea na mazungumzo. Babu naye asimsemeshe. Amwache acheze karibu, yeye amenye karanga zake, baada ya nusu saa aseme kitu kuhusu mchezo wenyewe. Jambo jingine lililowasaidia wazazi wengi ni meseji ya sauti ya WhatsApp: Rehema amrekodie babu wimbo akiwa nyumbani, atume yeye mwenyewe, babu amrudishie wake. Sauti inakuwa imeshafika kwa babu hata kabla ya wao kukutana.

Kuna hali ambazo si hii, na ningekuwa nimekukosea nisipozitaja. Mtoto aliyekuwa anaongea kila mahali akanyamaza ghafla kila mahali, hata nyumbani, huyo kuna jambo limempata. Muulize taratibu, mwangalie, na ukihisi ukatili piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, au asiyecheza na asiyejali watu hata nyumbani, anahitaji kupimwa kwa ajili ya usonji na mengine. Na masikio yapimwe kwa vyovyote. Kwa Rehema sidhani, kwa jinsi anavyomwiga mwalimu mpaka lafudhi, lakini kipimo ni chepesi na kitamnyamazisha anayesema ni kiziwi.

Mimi si daktari, kwa hiyo jina la ugonjwa atalitoa anayemwona mtoto. Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, mwulizie kitengo cha afya ya akili, mpate rufaa kwenda Muhimbili au Mirembe kama itahitajika. Nenda na rekodi ya sauti na barua ya mwalimu, kwa sababu mbele ya daktari Rehema hatasema kitu na mnaweza kuambiwa "ni mpole tu huyu". Dawa za kupunguza hofu zipo na madaktari huzitumia kwa baadhi ya watoto, hasa wakubwa, lakini haziwi hatua ya kwanza. Afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu naye ni mtu wa kumjua, hasa mwalimu mkuu akikugomea.

Kuhusu kuhama Januari, ushauri wangu ni kwamba msimhamishie lugha mpya sasa hivi. Mtoto yeyote akiingia kwenye lugha asiyoijua anaweza kunyamaza miezi kadhaa akisikiliza, hiyo ni kawaida na si ugonjwa. Lakini Rehema tayari anaogopa kusikika akisema Kiswahili anachokijua vizuri. Mkimwongezea hofu ya kukosea Kiingereza mbele ya watu mtakuwa mmempa mizigo miwili, na kumbuka zile takwimu za Jerusalem. Kama mwalimu wa sasa atakubali kushirikiana nawe, mwache hapo, mtoto wa jirani yupo na darasa analijua.

Akikataa, kama akiendelea kumsimamisha mbele hata baada ya mwalimu mkuu kuongea naye, basi omba mkondo mwingine, au muhame, ila iwe shule ya Kiswahili. Na mkihama msisubiri siku ya kufungua. Omba Desemba, shule ikiwa imefungwa, umpeleke mara kadhaa aone darasa lake tupu, acheze mdako humo, ajue choo kiko wapi, na mwalimu mpya aje akae mlangoni siku moja au mbili akiwa anafanya mambo yake. Mwalimu huyo aelezwe kila kitu kabla, na wale watoto wapya wasiambiwe kamwe kwamba kuna mtoto anakuja ambaye haongei.